Baba, theluji mwaka huu haikuja

Minneapolis, 20 Februari 2024

Baba na Mama shikamooni. Mimi na baba watoto hatujambo, mjukuu wenu hajambo, anakula vizuri na anakua, mafua tu ya hapa na pale. Natumaini na nyie huko Babati mko salama. Shangazi naye tangu ahamie hapo kwenu naomba mniambie ukweli anaendeleaje, maana nikimpigia mwenyewe ananiambia hajambo halafu anampa Mama simu.

Baba, juzi uliniuliza mbona mwaka huu sijatuma picha ya theluji hata moja, bando likakata kabla sijakujibu, nikaona bora niandike kabisa maana jibu lenyewe ni refu. Sijatuma kwa sababu haikuwepo. Yaani Minnesota, hii hii ambayo nilipokuja mara ya kwanza ulinisisitizia ninunue buti kabla ya kitu chochote, imefika Februari nyasi ziko wazi, rangi ya majani makavu, udongo unaonekana. Ni kama vile nyie hapo mfike Aprili hamjaona tope.

Kwa kawaida mji huu unapata inchi kama 51 za theluji kwa msimu, hiyo ni kama sentimita 130. Winta iliyopita, ile ya 2022 kuingia 2023, ilipata inchi 90, zaidi ya mita mbili, ya tatu kwa wingi tangu waanze kuandika, si mnakumbuka ile picha ya gari letu limebaki kioo tu. Mwaka huu ilidondoka kidogo siku ya Halloween, tarehe 31 Oktoba, watu tukafurahi tukasema mapema hivi basi itakuwa kubwa, ikayeyuka, na baada ya hapo ni kusubiri tu. Krismasi ilinyesha mvua. Mvua Baba, ya maji, kutwa nzima, joto zaidi ya nyuzi 10 za Selsiasi, watoto wa jirani wamevaa koti la mvua wanaendesha baiskeli mpya. Katikati ya Januari ikaja baridi yenyewe kweli, ilishuka mbali chini ya sifuri, tukasema haya sasa, lakini ilikuja kavu haina theluji ya maana, ikakaa kama wiki ikaondoka, na tarehe 31 Januari tukawa tena juu ya nyuzi 10. Watu wanatembea na fulana Januari!

Najua Mama anasema si afadhali, baridi imepungua na bili ya gesi imeshuka. Ni kweli imeshuka na kwa hilo nashukuru. Lakini nataka muelewe kwamba hapa kuna watu wanaipenda theluji jinsi watu wa huko wanavyopenda Simba na Yanga, na mimi sasa ni mmoja wao, na huu msimu umetuumiza.

Nimeshawaambia kuhusu yule mzee mzungu jirani yetu, mstaafu, mke wake alifariki. Ana kauntabuku Baba, kama zako kabisa za mvua, rafu nzima, anaandika hali ya hewa kila siku tangu kabla sijazaliwa. Joto la juu, joto la chini, mvua, theluji, upepo umetoka wapi. Ukimpa nafasi anakusimulia ile dhoruba ya Halloween ya 1991, inchi 28 kwa siku chache, anakwambia saa ngapi ilianza na upepo ulikuwaje. Yeye ndo aliniingiza kwenye mtandao wa wapimaji mvua na theluji wa kujitolea unaitwa CoCoRaHS, ulianzia Colorado mwaka 1998 baada ya mji wa Fort Collins kupigwa na mafuriko mwezi wa saba 1997, siku ambayo upande mmoja wa mji ilinyesha zaidi ya inchi 10 na upande mwingine kidogo tu, vipimo vilivyokuwepo ni vichache, wataalamu wakaona bila watu wengi kupima nyumbani kwao hawatajua mvua imeangukia wapi. Sasa wapimaji ni maelfu, Marekani yote na Canada, walimu, wakulima, wastaafu, na mtoto wako.

Nikueleze tunavyofanya maana najua utapenda. Chombo ni bomba la plastiki lina upana wa inchi 4, ndani kuna kibomba chembamba na juu yake faneli. Kiangazi unaviacha vyote. Winta unatoa faneli na kile chembamba unaviweka ndani ya nyumba, linabaki bomba kubwa tupu ili theluji iingie yenyewe. Halafu pembeni uwanjani unaweka ubao umepakwa rangi nyeupe, mweupe ili jua lisiupashe moto ukayeyusha theluji kabla hujaipima. Asubuhi saa moja unasimamisha rula kwenye ubao unasoma, unafagia ubao, unaurudisha juu. Kisha unaingiza bomba ndani, unapima maji ya moto kwa kile kibomba chembamba, unamimina juu ya theluji iyeyuke, unapima jumla, unatoa maji uliyoongeza, kinachobaki ndo maji yaliyokuwemo kwenye theluji. Nikitoka shifti ya usiku nafika nyumbani muda huo huo, sivui hata viatu, naenda uwanjani.

Na mwaka huu nimekuwa naenda uwanjani kuangalia ubao mtupu. Ubao mweupe una umande, au una jani, siku nyingine una nyayo za sungura. Naandika sifuri. Hawataki uache wazi, wanasisitiza sana hilo, ukiacha wazi hakuna atakayejua kama haikunyesha au kama hukuamka, sifuri ni kipimo kama vipimo vingine na mtu atakayetaka kujua winta hii ilikuwaje miaka 50 ijayo ataihitaji. Ndo maana nilikukumbuka sana Baba. Wewe sifuri zako ulikuwa unaziandika kwa wino mwekundu, kiangazi chote cha Juni mpaka Oktoba kurasa nyekundu tupu, na mimi nikiwa mdogo nilikuwa nashangaa mwalimu mzima anaamka asubuhi kwenda kuangalia kopo kavu. Sasa hivi nafanya hivyo hivyo na ninaelewa kabisa ulichokuwa unafanya.

Wenzangu kila mmoja ana namna yake ya kuvumilia. Kuna dada mmoja tulikutana kwenye mafunzo ya upimaji, yeye halali mapema, anasubiri modeli ya Marekani, ile GFS, yaani utabiri wa hali ya hewa unaopigwa na kompyuta, inatoka mara nne kwa siku na ya usiku huku inaanza kuonekana saa nne hivi, anaangalia ramani ya siku kumi mbele, akiona rangi ya buluu juu ya Minnesota ananitumia ujumbe "inakuja!!", halafu asubuhi modeli ya Ulaya inaonyesha dhoruba imepita Iowa, jioni imepita Missouri, kesho yake haipo kabisa. Imetokea hivyo tena na tena. Siku kumi mbele ni mbali mno kuamini modeli yoyote na yeye anajua, sote tunajua, lakini mtu ukiwa na kiu huachi kuangalia kisima. Mzee jirani yeye hataki modeli, amerudi kwenye vitabu vyake, anasoma winta za zamani. Ananiambia kwenye rekodi za mji huu zinazoanzia 1873 winta yenye joto kuliko zote ni ile ya 1877–78, na kwamba hii yetu ikiendelea hivi mpaka mwisho wa mwezi itaipita. Alivyoniambia hakuwa anafurahia rekodi. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mbele ya nyumba yake mchana wa Januari bila koti, chepe lake la theluji limeegemea ukuta kavu kabisa.

Na kazini kwangu pia. Kuna bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka tisini na kitu, alikulia shambani kaskazini huko. Kumbukumbu zake zimechanganyika, jina langu analisahau kila usiku, lakini majira anayajua. Mwezi wa kwanza wote ananiuliza ni mwezi gani, namwambia Januari, anageukia dirishani anaangalia nyasi, anasema hapana. Hakubali. Namwonyesha kalenda, hakubali, na mimi nikawa nimeacha kumbishia maana kwa miaka tisini macho yake yamejua Januari inafananaje, na iliyopo dirishani siyo.

Sasa msidhani ni mambo ya mapenzi tu. Winta hapa ni kazi na ni pesa. Yule rafiki wa baba watoto, Mkenya wa Kisumu, alinunua pikapu na plao la kusukuma theluji, ana mikataba na maduka na makanisa, wengi wanamlipa kwa kila mara theluji inapoanguka, haijaanguka hajalipwa, na mkopo wa gari unaendelea. Amerudi kuendesha Uber. Huko Wisconsin, jimbo la jirani, mbio kubwa za skii, zile mbao ndefu za kuteleza juu ya theluji, zinazoitwa Birkebeiner zinafanyika wiki hii kwenye mzunguko wa kilomita 10 tu waliotengeneza kwa theluji ya mashine, badala ya ile njia ndefu ya msituni. Mbio za mbwa wanaovuta sleji, kile kigari cha kuteleza kwenye theluji kisicho na magurudumu, kutoka Duluth, za John Beargrease, zimefutwa kabisa. Huyo Beargrease alikuwa mtu wa wenyeji wa hapa, Anishinaabe, alikuwa anapeleka barua za posta kando ya Ziwa Superior kwa mbwa na sleji mwishoni mwa karne ya 19, na hilo ziwa lenyewe mwaka huu karibu lote liko wazi, hamna barafu.

Barafu ndo ya hatari zaidi. Watu wa huku wanavua samaki kwa kutoboa barafu, wanavuta vibanda mpaka katikati ya ziwa wanalala humo. Serikali ya jimbo inasema usikanyage mpaka iwe na unene wa inchi 4, barafu mpya iliyo wazi, na hata hapo uangalie. Tarehe 29 Desemba kwenye ziwa la Upper Red Lake upepo ulikata pande kubwa la barafu likaelea na watu zaidi ya 100 juu yake, wakaokolewa kwa boti, Mungu mkubwa wote wakatoka. Kwa hiyo mkisikia mtu amezama huku msishangae, watu wamezoea kwamba Desemba ziwa linabeba gari, mwaka huu halibebi na mazoea yanawaponza.

Sasa Baba nije kwenye sababu, na hapa ndo nilitaka tuongee vizuri. Ni El Niño. Ile ile. Maji ya Bahari ya Pasifiki katikati, kwenye ikweta, yamepata joto kuliko kawaida, na joto hilo linavuta mkondo wa upepo wa juu, ule unaokimbia kilomita kama 10 juu ya vichwa vyetu, unakaa tofauti. Hewa ya baridi kali inabaki imefungiwa kaskazini ya mbali, huku tunapata hewa ya baharini isiyo na baridi kali, na dhoruba zinapita kusini. Halafu lenyewe linajiongeza, kwa sababu theluji mpya inarudisha juu mwanga wa jua karibu wote, ardhi tupu inaumeza inapata joto, kwa hiyo kukosa theluji kunaleta joto na joto linakosesha theluji. Ile winta ya 1877–78 ya mzee nayo ilikuwa ya El Niño. Lakini siyo hiyo peke yake, 2023 ulivunja rekodi ya joto duniani ya miaka yote iliyoutangulia tangu vipimo vianze, na winta za Minnesota zimekuwa zikipata joto haraka kuliko majira mengine, hilo hata kwenye vitabu vya mzee linaonekana kwa macho, huhitaji kuwa mtaalamu.

Na huko kwetu El Niño hiyo hiyo, pamoja na Bahari ya Hindi kupata joto upande wetu kuliko upande wa Indonesia, ndo ilileta ile vuli. Nilikuwa kazini usiku Desemba 3 nikaona video za Katesh. Tope, magogo, mawe makubwa yametoka Mlima Hanang yamepita katikati ya watu, Gendabi, Jorodom, majina ambayo huku hakuna anayeyajua ghafla yako kwenye simu yangu, waliokufa baadaye walifika zaidi ya 80, na namba ya shangazi haipatikani. Mfanyakazi mwenzangu Msomali alikuwepo jikoni na mimi, ndugu zake ni wa Beledweyne, mto Shabelle uliwafukuza Novemba, yeye alishapitia hayo wiki chache kabla yangu, alikaa na mimi mpaka mlivyonitumia ujumbe kwamba yuko hai. Asubuhi ile nilifika nyumbani nikaenda uwanjani kama kawaida, ubao mkavu, nikaandika sifuri. Nilikaa pale nje nikilia. Maji yaliyowaua watu wa Katesh na theluji ambayo haikuja huku ni habari moja, bahari ile ile, na kwenye fomu yangu inaonekana kama hakuna kilichotokea.

Ndo maana nilianza kufikiria kauntabuku zako. Mnakumbuka mwaka wa Elinino, 1997 kuingia 1998, barabara ilivyokatika na wewe Baba ulivyokuwa unatoka na mwavuli na tochi kumwaga kopo maana lilikuwa linajaa kabla ya asubuhi. Zile namba bado zipo? Zile za vuli ya 2006 na 2019 je? Na za juzi hizi, Oktoba mpaka Januari? Mama aliniambia uliacha kuandika baada ya macho kusumbua, lakini shangazi akasema alikuona unaenda nyuma ya nyumba na rula. Kama uliandika nazitaka, kama hukuandika zote nazitaka zilizopo.

Sasa niwape habari njema kidogo. Wiki iliyopita ilikuja! Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15, yule dada wa modeli hakulala na safari hii modeli zote zilikubaliana, mimi nilikuwa kazini, kila nikipita dirishani naona taa ya maegesho inazidi kufifia kwa theluji. Asubuhi rula ilisoma inchi 5, theluji nzito yenye maji, ile inayoshikana. Mzee jirani alikuwa nje kabla yangu, amechota uwanja wake, wetu na wa nyumba ya tatu, na hakutaka nimsaidie. Mjukuu wenu ana sleji ya plastiki tuliyomnunulia Novemba, ilikuwa imekaa kwenye veranda mpaka kibandiko cha bei kimechakaa, siku hiyo alishuka nayo kilima cha bustani ya umma mpaka giza, amekula chakula amevaa buti.

Na Mungu ni wa ajabu, kwa sababu Jumamosi na Jumapili hii iliyopita ndo ilikuwa Kombe la Dunia la skii za masafa hapa hapa Minneapolis, kwenye bustani ya umma ya Theodore Wirth. Marekani haikuwa imepata mashindano hayo tangu 2001, hapa walipangiwa Machi 2020 korona ikayafuta, dada mmoja wa jimbo hili, Jessie Diggins wa Afton, bingwa wa Olimpiki, ndo alipigania sana yaje. Wiki nzima nzima za Januari watu wa kujitolea wamekesha na mashine za kutengeneza theluji kila joto liliposhuka, wameilimbikiza, wameisambaza, utepe mweupe katikati ya majani makavu, na siku mbili kabla ya mbio mbingu zikafunika kila kitu. Tulienda Jumapili. Umati wa maelfu, kengele za ng'ombe zinapigwa, watu wazima wanalia. Kijana wa Alaska, Gus Schumacher, akashinda kilomita 10 za wanaume na Diggins akawa wa tatu kwa wanawake. Baba watoto ambaye skii hazijui kabisa alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Picha nimetuma kwenye simu ya Mama, zile za mtoto mwenye kofia nyekundu.

Imeshaanza kuyeyuka hivyo. Leo ubao una tope pembeni na wanatabiri joto tena. Nitaendelea kuandika.

Baba, kuna mtu wa kanisani anakuja Arusha mwishoni mwa Machi, nimemuomba akuletee kipima mvua kama changu, nimekipata cha milimita ili usihangaike na inchi, maandishi yake makubwa unaweza kuyasoma hata bila miwani. Masika yatakukuta nacho mikononi. Kisiwekwe karibu na mwarobaini wala ukuta, kiwe mbali na kitu chochote angalau mara mbili ya urefu wa hicho kitu, kwa hiyo pale kwenye kitalu cha mbaazi panafaa kuliko nyuma ya jiko. Nguzo mchimbie fundi, usichimbe mwenyewe, Mama hapo nakuachia wewe. Macho yakisumbua shangazi asome namba wewe uandike, anahitaji kitu cha kufanya asubuhi, nadhani mnaliona hilo kuliko mimi.

Kauntabuku Mama azipige picha ukurasa kwa ukurasa mchana kwenye mwanga, ya 1997 kwanza. Hela ya dawa na ya bando nimetuma kwenye namba yake ya Voda, ikifika anitumie ujumbe.

Wasalimieni wote, na mama mdogo wa Dareda mwambieni simu yake nimeiona nitampigia Jumamosi.

Mwanenu